Mtaa wenu uwe mji, ujiunge na mji jirani, au ubaki kaunti tupu? Mwongozo kamili kwa tunaoishi DeKalb na pembeni mwa Atlanta

Miaka yangu ya kwanza hapa Georgia, Marekani, ukiniuliza naishi wapi nilikuwa nakutajia jina la mji bila kusita, manake ndivyo barua zilivyoandikwa, ndivyo leseni ya udereva ilivyosema, hata pizza ilikuwa inakuja kwa jina hilo hilo. Halafu kukawa na shimo barabarani karibu na kwangu, limeshanipasulia tairi mbili, nikapiga simu ofisi ya mji kulalamika kwa hasira zote. Yule dada akaniomba anwani, akabofya bofya kompyuta yake, kisha akaniambia kwa upole kabisa kwamba mimi si mtu wao na sijawahi kuwa mtu wao.

Kumbe naishi kaunti tupu. Hilo neno nimelitunga mwenyewe kwa sababu sijapata la Kiswahili linalokaa vizuri: ni eneo ambalo halimo ndani ya mji wowote, halina meya wala madiwani wake, kaunti ndo inalihudumia moja kwa moja. Kaunti ya DeKalb imejaa maeneo ya namna hiyo, na wengi wetu tulioanzia Clarkston, kale kamji ka DeKalb wanakofikia wakimbizi wengi, Wakongomani, Warundi, Wakenya, Watanzania, tulipopata kazi za maana na kutafuta nyumba yenye kaukumbi kidogo tuliangukia huko bila kujua.

Sasa kila baada ya miaka michache Jumamosi asubuhi anabisha mtu hodi na karatasi, anataka uunge mkono mtaa uwe mji. Mwaka mwingine anakuja mwingine na ramani, anataka mjiunge na mji jirani. Na wa tatu anakuja na kibango cha HAPANA. Nimekaa kwenye mikutano ya hao wote, nimekula donati zao zote, na nimeulizwa na watu wetu mara nyingi kiasi kwamba nimeona niandike mara moja tu. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: neno "mji" lenyewe halikulishi. Cha kujua ni huduma ipi inayokuuma, nani anaishika leo, na nani ataishika kesho. Ukishindwa kujibu hayo matatu usiunge mkono chochote.

Hatua ya 1: Hakikisha unaishi wapi kwanza

Usiamini anwani. Jina la mji kwenye bahasha ni la posta, posta wanagawa kwa urahisi wa kusambaza barua na hawana habari na mipaka ya serikali. Kuna maelfu ya watu wana anwani ya Decatur, Lithonia, Stone Mountain, hata Atlanta, na hawajawahi kulala usiku mmoja ndani ya miji hiyo.

Mwenye nyumba aangalie bili ya kodi ya nyumba. Ikiwa uko mjini utaona mstari wa mji, ikiwa huko mjini utaona mistari ya kaunti tu. Mpangaji aingie kwenye ramani ya kaunti mtandaoni aandike anwani yake, na kama umejiandikisha kupiga kura angalia ukurasa wako wa mpiga kura wa jimbo la Georgia, pale wanaonyesha kama una diwani au huna. Dakika tano tu. Nimekutana na jamaa kabishana mkutano mzima kuhusu mji mpya, tulipomtafutia anwani yake tukakuta alishakuwa ndani ya Tucker tangu 2016.

Wakenya, kidogo hapa: kaunti ya huku msiifananishe na ya gavana. DeKalb inaongozwa na ofisa mkuu mtendaji anayechaguliwa na wananchi, pamoja na makamishna saba. Na Watanzania, nyinyi mmezoea kijiji kupanda kuwa mamlaka ya mji mdogo, halafu mji, manispaa, hadi jiji, na uamuzi unatoka juu kwa waziri. Huku hakuna anayewapandisha, bunge la jimbo likishafungua mlango ni wakazi wenyewe wanapiga kura wawe mji au wasiwe, na wanaweza wakakaa miaka mia bila kuwa chochote na hakuna atakayewashangaa.

Hatua ya 2: Jua habari hii ilianzia wapi

Usiruke hapa, manake hoja zote utakazosikia mkutanoni zimezaliwa Sandy Springs, kaskazini mwa Atlanta. Mwaka 1966 Atlanta ilitaka kuwaunganisha wakakataa. Baadae wakaanza kudai mji wao, wakiongozwa na mama mmoja anaitwa Eva Galambos, wakalalamika kwamba kodi yao inaenda kuhudumia sehemu nyingine za kaunti ya Fulton na wao hawaoni kitu. Miaka na miaka bunge la jimbo likawazuia. Warepublican waliposhika bunge lote 2005 mlango ukafunguka, tarehe 21 Juni 2005 wakapiga kura, asilimia 94 wakasema ndiyo, na Galambos akawa meya wa kwanza.

Baada ya hapo ikawa kama mbio. Kwa mwaka mji ulipoanza kazi: Johns Creek na Milton 2006, Dunwoody 2008, Peachtree Corners na Brookhaven 2012, Tucker 2016, Stonecrest na South Fulton 2017, halafu Mableton ikapita kwenye kura Novemba 2022, Mulberry Mei 2024. Kaunti ya Fulton kaunti tupu imeisha karibu yote.

Na tuseme ukweli ambao mkutanoni unasemwa kwa kunong'ona: miji ya kwanza ilikuwa ya watu wenye pesa na wengi wao weupe, wanajitoa na maduka yao na maofisi yao, wanaobaki kwenye kaunti wanabaki na mahitaji yale yale ila mfuko umepungua. South Fulton, ambako wengi ni weusi, mwaka 2007 walipigia kura wazo la mji wakalikataa vibaya sana. Halafu miji ya pembeni ikawa inamega, leo kipande hiki kesho kile, na ilipofika Novemba 2016 wakaona bora tufunge mpaka kabla hatujaisha, wakasema ndiyo. Kwa hiyo wakati mwingine watu wanaanzisha mji kwa sababu wamechoka kumegwa, hata kama mji wenyewe hawakuwa na hamu nao.

Hatua ya 3: Andika kero yako, halafu mtafute mwenye nayo

Chukua karatasi. Andika vitu vitatu vinavyokukera mtaani kwako. Basi.

Sasa tuone. Kama umeandika bili ya maji, pole, ndani ya DeKalb maji ni ya kaunti hata kwa walio ndani ya miji mipya, mkianzisha mji kesho bili itatoka ofisi ile ile. Kama umeandika mahakama, sherifu, jela, tathmini ya nyumba, usimamizi wa uchaguzi, idara ya afya: ni kaunti, na itabaki kaunti.

Kama umeandika shule, soma hapa mara mbili, kwa sababu ndipo watu wanapodanganyana zaidi. Georgia ilipiga marufuku mifumo mipya ya shule ya miji kwenye katiba ya 1945, na marufuku hayo yapo mpaka leo. Mji mpya hauwezi kuwa na shule zake, watoto wataendelea na shule za kaunti. Lakini miji michache ya zamani ilikuwa na mifumo yake kabla ya hapo: Atlanta, Decatur, Marietta, Buford na mingine. Ukijiunga na mmoja wa hiyo, swali la shule linafunguka na mara nyingi ndo linakuwa ugomvi mkubwa kuliko yote. Kwa hiyo anayekwambia "tuwe mji shule zitatengemaa" anakupa kamba, na anayekwambia "tujiunge na Decatur" muulize kwanza, watoto wataenda shule gani na kuanzia lini.

Kama umeandika polisi, jibu ni "inategemea". Dunwoody na Brookhaven walianzisha polisi wao. Tucker ilianza bila polisi, wakabaki na wa kaunti, na Stonecrest hivyo hivyo. Polisi ndo gharama kubwa, ndo maana miji mingi inaanza bila.

Kama umeandika "wamejenga maghorofa ya kupanga karibu na mimi", au kinyume chake, "hawaniruhusu kuongeza chumba cha mama mkwe nyuma ya nyumba", hapo sasa ndo umegusa penyewe. Mji mpya karibu wote unachukua mipango miji, yaani nani ajenge nini wapi, na unachukua wakaguzi wa majengo, wale wanaokuandikia faini ya nyasi ndefu na gari bovu uwanjani. Mulberry kule kaunti ya Gwinnett ilisukumwa sana na woga wa majengo ya msongamano. Mara nyingi ukikwangua hotuba za "serikali iliyo karibu na wananchi" chini unakuta mipango miji.

Na hii ni kwa sisi wapangaji: makaratasi yakisema "kulinda hadhi ya mitaa yetu" tega sikio. Wakaguzi wakali wanaweza kuwa baraka, wakamlazimisha mwenye apatimenti atengeneze dari inayovuja tangu Pasaka. Wakaguzi hao hao, kwa sera nyingine, wanaweza wakawa mwanzo wa lile jengo kubomolewa zijengwe nyumba ambazo kodi yake hatuiwezi. Muulize mgombea waziwazi mbele za watu, "apatimenti zilizopo unaziona vipi?" Jibu linakwambia zaidi ya brosha nzima.

Hatua ya 4: Piga hesabu yako mwenyewe

Usimwachie mtu hesabu hii, ni rahisi kuliko kupima unga wa maandazi.

Kodi ya nyumba Georgia inahesabiwa kwa kipimo kinaitwa mil. Mil moja ni dola moja kwa kila dola elfu ya thamani inayotozwa, na thamani inayotozwa ni asilimia 40 ya bei ya soko. Nyumba ya dola 300,000: asilimia 40 yake ni 120,000. Kwa hiyo mil moja kwako ni dola 120 kwa mwaka, kabla ya kupunguziwa chochote. Wakikwambia "ni mil tatu tu jamani", hizo ni dola 360 kwa mwaka. Sandy Springs ilianza na mil 4.731 na wakafunga kwenye katiba ya mji kwamba haipandi bila kura ya wananchi, kwa nyumba ile ile ni kama dola 568.

Lakini usiishie hapo, watu wengi wanaishia hapo wakapaniki. Mji ukichukua huduma, mstari wa kaunti wa huduma hiyo unatakiwa upungue au utoke kwenye bili. Mkichukua polisi, ile kodi ya polisi ya kaunti inatoka. Mkichukua mipango miji na bustani, inapungua sehemu ndogo. Kwa hiyo chukua bili yako ya mwaka jana, weka alama kwa kila mstari: unabaki, unapungua, unatoka. Utagundua jambo: mstari mkubwa kuliko yote ni wa shule, na huo hautikisiki. Ugomvi wote mnaogombana unahusu sehemu ndogo ya bili.

Kuna miji haitozi kodi ya nyumba hata senti. Peachtree Corners ilianza na huduma tatu tu, mipango miji, wakaguzi na takataka, na haitozi. Mulberry nayo hati yake, yaani katiba ya mji, inazuia kodi ya nyumba. Wanakula wapi sasa? Leseni za biashara, mgao wa kodi ya bima, na ada wanazotoza kampuni za umeme na kebo kwa kupitisha nyaya. Hiyo ya mwisho inarudi kwako kimyakimya, wateja wa Georgia Power walio ndani ya mji wanalipa ada ya mji kubwa kidogo kuliko walio nje. Ni dola chache kwa mwezi, haiui mtu, ila ukisikia "bure" kumbuka kwamba iko mahali fulani kwenye bili ya umeme. Na kama una kasaluni au unapika keki nyumbani kwa leseni, leseni yako itahamia mjini, ulizia bei.

Mpangaji usiseme haikuhusu. Mwenye nyumba akiongezewa, mkataba ujao utaisikia.

Wenye nyumba, hili linaenda nje ya mada kidogo lakini nimeona watu wanapoteza hela: msamaha wa kodi kwa nyumba unayoishi mwenyewe unaombwa kabla ya tarehe 1 Aprili. Mji uwepo usiwepo, kama hujaomba, omba. Kuna mzee mmoja wa Kigoma alikaa miaka sita hajaomba, na bado alikuwa anakuja mikutanoni kulalamikia mil mbili za mji.

Hatua ya 5: Soma upembuzi yakinifu, hata kama unachosha

Kabla ya muswada kusogea bungeni wanaotaka mji wanalipia upembuzi yakinifu, mara nyingi unafanywa na taasisi ya Carl Vinson ya Chuo Kikuu cha Georgia au na Georgia State. Unajibu swali moja: je, mapato yanayotarajiwa yatatosha gharama zinazotarajiwa? Haujibu kama mji ni wazo zuri. Mtu akikuambia "chuo kikuu kimesema tuwe mji", hajausoma.

Tafuta vitu hivi. Kwanza huduma walizozipigia hesabu: kwa sheria ya Georgia mji ulio hai lazima utoe angalau huduma tatu kati ya zilizoorodheshwa, kwa hiyo wengi wanachagua tatu za bei nafuu. Kama upembuzi umehesabu tatu na jamaa jukwaani anaahidi sita, hizo nyingine hazina hela. Pili mwaka wa takwimu. Tatu, na hapa ndo pa kukaa muda mrefu, maduka na maofisi yaliyomo ndani ya mpaka. Nyumba za watu peke yake hazilishi mji vizuri, biashara ndo zinalisha.

Ndo maana ramani inachorwa kwa ujanja. Fungua ramani uifuate kwa kidole. Kwa nini mstari unapinda pale kuifuata ile mol? Kwa nini ule mtaa wa apatimenti umeachwa nje kama kisiwa? Kwa nini kanisa letu liko ndani na nyumba zetu ziko nje? Nimeona ramani ikibadilishwa mara tatu ndani ya mwaka mmoja, kila mara mol ilikuwa ndani.

Hatua ya 6: Kama hoja ni kujiunga na mji jirani

Hapa mambo ni ya haraka zaidi na ndo maana inabidi uwe macho. Kuanzisha mji lazima upitie bunge la jimbo, ambalo linakaa siku 40 za kazi kuanzia Januari, halafu saini ya gavana, halafu kura ya wakazi. Kujiunga kuna njia kadhaa na baadhi hazina kura kabisa.

Njia ya kwanza wenye ardhi wote kabisa wanasaini, inatumika kwa kiwanja kimoja kimoja au jengo kubwa. Ya pili inataka saini za wenye asilimia 60 ya ardhi na pia asilimia 60 ya wapiga kura wanaoishi pale. Ya tatu mji unapitisha azimio halafu wakazi wanapiga kura. Ya nne bunge linapitisha sheria. Kwa zile mbili za kwanza, saini yako NDIYO kura yako. Hakuna siku ya uchaguzi inayokuja baadae. Kwa hiyo mtu akikugongea mlango na karatasi mwambie aiache, mwambie arudi Jumatano, kama hataki kurudi basi hakuwa na haraka ya kukusaidia wewe. Na mpangaji ambaye ni raia na amejiandikisha, wewe pia unahesabiwa kwenye ile asilimia 60 ya wapiga kura, ndo maana wanakuja mpaka apatimenti.

Mfano mkubwa wa karibu yetu ni Chuo Kikuu cha Emory. Chuo chenyewe, CDC (kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa) na majirani zao walikuwa kaunti tupu ya DeKalb, wakaomba kuingia Atlanta, baraza la jiji likakubali Desemba 2017, tarehe 1 Januari 2018 wakaamka wako Atlanta bila kuhamisha hata kiti. Moja ya hamu zao ilikuwa usafiri wa reli. Lakini ukiingia Atlanta unaingia na vyote: kodi ya mauzo ndani ya Atlanta ni asilimia 8.9 wakati DeKalb nje ya Atlanta ni 8.

Uzuri wa kujiunga ni kwamba huanzi kutafuta meza na viti, mji upo, polisi wapo, unajua wanavyofanya kazi kwa sababu unapita kwao kila siku. Ubaya ni kwamba unaingia nyumba yenye wenyewe. Wana madeni yao, wana koo zao za kisiasa, na kama mtaa wenu ni mdogo mtapewa nusu ya diwani. Kabla ya kukubali nenda kikao cha baraza lao mara mbili, kaa nyuma, sikiliza wanavyowajibu watu wa apatimenti. Mimi nilienda mara moja nikajua.

Hatua ya 7: Kura, na onyo ambalo naomba msome polepole

Wanaopiga ni wapiga kura waliojiandikisha wanaoishi ndani ya mpaka uliopendekezwa, usajili unafungwa karibu mwezi mmoja kabla ya siku ya kura. Raia wa Marekani tu. Mwenye grini kadi, mkimbizi, mwenye viza yoyote: USIJIANDIKISHE na USIPIGE, hata kama kura inahusu taa za barabarani, hata kama mtu wa mlangoni amekwambia "hii ni ya mtaa tu haina shida". Ina shida. Kudai uraia kwenye fomu ya kura kunaweza kukufungia njia ya uraia moja kwa moja na hata kukufukuzisha nchini. Ukiwa unachukua leseni ya udereva soma lile swali la uraia kwenye fomu kabla hujajibu.

Lakini kuongea unaruhusiwa. Vikao viko wazi, hakuna anayekuuliza pasipoti ukiomba dakika zako kwenye maikrofoni. Mama mmoja wa Bukavu, hajawa raia, alisimama akauliza kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, "basi la watoto litasimama wapi?", na kamati nzima ikaangaliana. Hawakuwa wamefikiria.

Na raia msidharau kura moja. Novemba 2015 Tucker ilipita kirahisi, ila mji mwingine uliopendekezwa jirani yake, LaVista Hills, ulikufa kwa tofauti ya kura chini ya 200. Msikiti mmoja na kanisa moja tu wangetosha kugeuza. East Cobb, kule kaunti ya Cobb, Mei 2022 ilikuwa kinyume, karibu robo tatu walisema hapana, wakaona kaunti inawatosha.

Hatua ya 8: Ndiyo ikipita, kazi inaanza

Kuna kipindi cha mpito cha hadi miaka miwili, kaunti inaendelea kuhudumia huku mji unajipanga. Hiki kipindi ndo hatari zaidi kwa sababu wananchi wanakuwa wamechoka na kampeni, wanalala, na hela zinaanza kuingia.

Stonecrest naitaja kila mahali. Jason Lary aliongoza harakati za kuanzisha mji, akawa meya wa kwanza, halafu Januari 2022 akakiri mahakama ya shirikisho kwamba aliiba hela za msaada wa Covid zilizopitia mji wake, Julai akahukumiwa miezi 57. Mji ulikuwa umepata zaidi ya dola milioni 6 za msaada huo. Bunge likalazimika kubadilisha katiba ya mji mwaka 2021 kupunguza madaraka ya meya. Mji bado upo na una watu wema wengi tu. Ninachosema ni kwamba kwenye hati ya mji, kabla ya kura, angalieni nani anasaini hundi. Meya mwenyewe, au meneja aliyeajiriwa na anayeweza kufukuzwa na madiwani? Ni aya moja tu kwenye hati, na hakuna anayeisoma.

Cha pili ni kandarasi. Sandy Springs ilijulikana kwa kumkabidhi mkandarasi mmoja karibu kazi zote isipokuwa polisi na zima moto, wakaja watu wa mataifa kujifunza. Mwaka 2019 wao wenyewe wakarudisha kazi nyingi ndani, wakapiga hesabu kwamba wataokoa kama dola milioni 14 kwa miaka mitano. Sasa bado kuna watu wanazunguka kuuza ile hadithi ya kwanza bila kumalizia ya pili.

Cha tatu ni mipaka. Mableton walipitisha kwa kama asilimia 53, mitaa iliyosema hapana ikaanza mara moja kudai itolewe. Mkishinda kwa kura chache, tegemeeni miaka ya ugomvi.

Ila kuna faida ambayo mimi imenishawishi kuliko zote. Stonecrest ina watu kama 59,000 na madiwani watano, kila mmoja ana kama watu 12,000. DeKalb ina zaidi ya watu 760,000, na kamishna wa wilaya anabeba kama 150,000. Kwa kamishna, Waswahili wote wa mtaa wetu ni tone. Kwa diwani, mia mbili tuliojiandikisha tunaotoka kanisani pamoja ni watu wa kupigiwa simu wakati wa Idi na Krismasi. Hili halimo kwenye upembuzi wowote.

Hatua ya 9: Hapana ikipita, au mkiamua kubaki

Kubaki kaunti tupu ni uamuzi halali kabisa. Ila usibaki kimya. Mkazi wa DeKalb ana makamishna wawili, wa wilaya yake na wa ile wilaya kubwa inayofunika nusu ya kaunti, wengi wanampigia mmoja tu. Watafuteni wote wawili, kwa maandishi, mkiweka picha na tarehe. Kama eneo lenu lina biashara nyingi kuna pia ile ya wenye biashara kujitoza kodi wenyewe kwa ajili ya barabara na taa, Cumberland, eneo la maofisi na maduka kule kaunti ya Cobb, ndo walianza 1988 na sasa ziko nyingi, hata Tucker. Kwa mitaa ya nyumba tupu haifai, lakini kama mko nyuma ya barabara kubwa yenye maduka, waulizeni.

Lile shimo langu liliwahi kuzibwa baadae, na kaunti, baada ya barua pepe ya nne iliyoenda kwa makamishna wote wawili. Karatasi iliyoletwa mara ya mwisho bado iko juu ya friji, sijaisaini. Nimepiga alama mistari ya bili yangu, inatoka ongezeko la dola 140 hivi kwa mwaka kwa mipango miji, bustani na diwani. Nasubiri waniambie tu zile apatimenti za nyuma yetu wanazionaje.